Titulere ni Nani?

Pale Lweba ukitaja titulere, kila mtu anageuza uso upande wa kituo cha afya. Titulere ni muuguzi mkuu wa kituo, yule anayepima, anayechoma sindano, anayezalisha, anayewagombeza akina mama waliochelewa kuleta watoto, na ambaye asipokuwepo hakuna mtu anayethubutu kufungua kabati la dawa. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na huko kwenye makaratasi ya watu wa biro lina maana nyingine pia, lakini Lweba haikuwa na haja na maana nyingine. Kwa miaka kumi na minne titulere alikuwa Fabien Wilondja, basi, maneno yakaishia hapo.

Hili lijulikane mapema, kwa sababu neno hilo moja nusura limuue binti wa Latifa, na si vizuri mtu amcheke Latifa kabla ya kujua alivyolisikia.

Latifa alikuwa mjane, mwuza ndagala, yaani dagaa wakavu, sokoni, mwanamke wa swala tano na maneno machache. Mumewe, Useni, alifariki miaka sita iliyopita akamwachia nyumba ya bati na mtoto mmoja, Husna. Wakati mutuele ya Bega kwa Bega ilipofika Lweba kuandikisha watu, Latifa alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Unalipa mara moja kwa mwaka, ukiugua mutuele inabeba gharama. Alilielewa hilo upesi kuliko wanaume waliokuwa wamesimama pembeni wakitia shaka. Mwandikishaji alikuwa bwana mmoja wa mjini, kalamu nne mfukoni, amekaa kwenye dawati la shule na jasho linamtiririka.

"Titulere?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Latifa alitaka kucheka. Mtu ametoka mbali kote huko kuja kuandika mambo ya afya, na hata hilo halijui? "Titulere? Njo Fabien. Fabien Wilondja. Boote banamujua."

Bwana akaandika. "Na we?"

"Mi ni Latifa Amisi."

"Batoto?"

"Mumoja tu. Husna Useni."

Mbele ya jina lake yule bwana aliandika neno refu, na Latifa alipouliza ni nini, akajibiwa haraka haraka, "Conjointe, mama, conjointe." Masikioni mwa Latifa hilo lilikuwa "kujiunga" lililotamkwa kwa pua, jinsi watu wa mjini wanavyotamka kila kitu. Akakubali kwa kichwa. Ni kweli, alikuwa amejiunga. Kadi ilipotoka, ilikunjwa kama kijitabu: nje namba na nafasi ya mihuri ya kila mwaka, ndani majina. Alisoma kwa taabu jina la Fabien juu kabisa, akafurahi kuona kwamba hata kadi inamheshimu titulere wao.

Miaka mitatu alilipa bila kukosa. Miaka mitatu kadi haikuvuka mpaka wa Lweba. Ukiwa na malaria au kikohozi, Fabien alitazama muhuri wa nje, akakurudishia, akachukua kipimo chake. Nani angefungua ndani? Mwaka juzi Fabien akahamishiwa mji wa Baraka, kwenye kituo cha mtaani karibu na nyumba yake, akaja titulere mpya, Placide, mtu mpole mwenye miwani. Naye alitazama muhuri wa nje.

Asubuhi ile ya Jumatano ndiye Placide aliyeifunga mashine ya presha kwenye mkono wa Husna, akaifungua, akaifunga tena kwenye mkono wa pili. Husna alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minane. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya plastiki haviingii. Tangu usiku alilalamika kichwa, na sasa alisema anaona vimulimuli mchana kweupe. Mumewe, Safari, alikuwa amepanda Kilembwe kununua karanga, na simu yake haikupatikana.

"Mama Husna," alisema Placide, "presha iko juu sana. Hapa siwezi. Muende Baraka sasa hivi."

"Na ile hospitali ya karibu?"

"Ile haikamati kadi ya Bega kwa Bega, haina mukataba nabo. Baraka njo banakamata. Kadi iko?"

"Iko." Latifa aliitoa kwenye mfuko wa nailoni. Placide akasoma namba, akaona muhuri wa mwaka, akaandika barua ya kumhamisha mgonjwa, akaweka sahihi chini.

Walichukua pikipiki mbili. Kwenye ya kwanza alipanda Husna, na nyuma yake Furaha, mtoto wa dada yake Latifa, amemkumbatia asianguke. Latifa akafuata kwenye ya pili, roho mkononi, akimwomba Mungu kwenye kila shimo la barabara, na mashimo yalikuwa mengi.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye sauti ndogo, hakupoteza muda. Alimchoma Husna sindano, akamlaza, kisha akamvuta Latifa pembeni. Mtoto lazima atoke leo, kwa operesheni. Kama wangengoja, Husna angeweza kushikwa na degedege asirudi. "Enda kwa dirisha ya mutuele, bakupatie bono, ile karatasi ya muhuri," alisema. "Bila bono, famasi haitatoa bitu bya operasio. Fanya mbio, mama."

Kwenye dirisha la mutuele alikaa Bertin. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka Uvira mwezi uliopita, hakumjua mtu Baraka, na aliogopa kukosea kuliko alivyoogopa kufa. Nyuma ya Latifa mstari ulikuwa mrefu. Bertin akaifungua kadi, akasoma ndani, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifanya.

"Titulere eko wapi?"

"Tulimuacha Lweba."

"Anabakia Lweba, na mugonjwa iko hapa?"

"Sasa angeacha kituo na nani?" alisema Latifa.

Bertin alimtazama. "Mama, titulere lazima akuye asaini."

"Alisha saini. Angalia kwa barua, pale chini. Placide."

"Placide ni nani? Hapa banaandika titulere ni Fabien Wilondja."

"Aa, Fabien! Ule ni wa zamani. Balimubadilisha mwaka juzi, banatuletea Placide."

Bertin aliweka kalamu chini. "Banakubadilishia bwana?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Latifa alipandisha sauti. "Bwana gani? Bwana yangu ni Useni, alisha kufa! Fabien ni titulere!"

"Njo nasema, mama. Titulere, ni kusema mwenye kadi. Mukubwa wa nyumba. Na we uko conjointe yake, bibi yake. Na Husna ni mutoto yao." Akageuza kadi, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Fabien. Latifa. Husna. Familia moja."

Latifa aliitazama ile kadi aliyoitunza miaka mitatu kwenye nailoni, chini ya Kurani, mbali na panya na mvua. Yule bwana wa kalamu nne alimwuliza nani mkuu wa nyumba yake, naye akajipiga kifua na kumtaja mume wa mtu. Hakujua acheke au alie, na mstari ulikuwa unacheka kwa niaba yake.

Alieleza. Alieleza mara mbili. Bertin alimwamini, hilo lilionekana, lakini kuamini kwake hakukuwa na muhuri. Kusahihisha jina ni kazi ya biro ya Uvira, alisema, na majibu hurudi baada ya wiki tatu. Kabla ya hapo kadi ni ya Fabien. Akakariri kanuni kama mtoto wa katekisimu: "Titulere anakuya mwenyewe anasaini. Akiwa safarini, tunamungoja. Akiwa alisha kufa, bibi analeta atestasio ya kifo, na kadi inaendelea kwa familia mpaka mwisho wa mwaka. Njo reglema."

"Hajakufa!" alisema Latifa haraka. "Mungu amulinde. Eko hapa hapa Baraka. Naenda kumuleta."

Akatoka mbio. Furaha alibaki na Husna, simu yake mkononi ili ampigie Latifa.

Njiani, nyuma ya pikipiki, Latifa alijaribu kupanga maneno. Alijua Fabien angeanza kwa kumgombeza. Fabien hakuwahi kutia sahihi karatasi ya uongo. Mwalimu mmoja pale Lweba aliwahi kumwomba cheti cha ugonjwa ili aende kwenye arusi, Fabien akampima, akamwandikia dawa ya minyoo. Lakini Fabien hakuwahi pia kumwacha mgonjwa. Husna alipokuwa na miaka saba malaria ilimpanda kichwani, akawa anatetemeka macho yamegeuka. Fabien alikaa naye tangu asubuhi mpaka jua linazama, akibadilisha dripu na kumpepea na kipande cha katoni, asile, asikae. Jioni mtoto alipoomba uji, titulere aligeukia ukutani akapenga kamasi muda mrefu. Mtu kama yule angejua la kufanya.

Kwenye kituo cha mtaani mlango ulikuwa wazi, na mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki baraza.

"Natafuta titulere Fabien, mama. Ni haraka."

Yule mwanamke alisimamisha ufagio. "We unatoka wapi? Hukusikia? Tulimuzika juzi."

Latifa alikaa chini kwenye ngazi yenye maji.

"Presha," alisema yule mwanamke. "Alikuwa anapima boote. Yake hakupima hata siku moja."

Latifa alilia palepale, kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyefiwa na kaka. Na katikati ya machozi sentensi ya Bertin ikaja yenyewe, ikakaa kando yake bila kukaribishwa: akiwa alisha kufa, bibi analeta atestasio. Alijichukia. Alijichukia kabisa, akainuka, akauliza nyumba iko wapi.

Turubai ilikuwa imetandazwa juu ya ua, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Latifa alivua viatu, akaingia ndani walipokaa wanawake kwenye mikeka. Ukutani ilitundikwa picha ya Fabien katika koti jeupe, ametabasamu kidogo kana kwamba mpiga picha amemchelewesha. Chini ya picha alikaa mjane wake, Anastasie, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka yote Fabien alipokuwa Lweba yeye alibaki Baraka na watoto kwa ajili ya masomo yao.

"Poleni," alisema Latifa.

"Pole yetu," wakaitikia. Na shangazi wa marehemu, mama mnene aliyekaa karibu na mlango, akauliza lile swali ambalo kila mgeni wa matanga huulizwa: "Na we uko nani wa marehemu?"

"Natoka Lweba," alisema Latifa.

Anastasie aliinua macho. "Lweba?"

"Nilikuwa nataka tusemezane kidogo inje, mama."

"Mufiwa hatoki," alisema shangazi.

Hakuwa na muda wa adabu. Husna alikuwa kwenye kitanda cha hospitali na dakika zinakwenda. Latifa alipiga magoti mbele ya mjane, akaitoa kadi, akampa mkononi huku akianza kueleza. Lakini Anastasie alikuwa mwalimu, na Kifaransa alikisoma kuliko wote waliokuwa mle ndani. Alimaliza kusoma kabla Latifa hajafika popote.

Titulaire: Fabien Wilondja. Conjointe: Latifa Amisi. Enfant: Husna Useni.

"Miaka kumi na mine," alisema Anastasie polepole. "Miaka kumi na mine najiuliza huyu bibi wa Lweba ana uso gani. Kumbe njo huu."

Nyumba ililipuka. Wanawake waliinuka kwa pamoja, mmoja akamshika Latifa kitenge, mwingine akamvuta ushungi. "Alikuya kutafuta nyumba!" alipiga kelele shangazi. "Hata udongo haujakauka, alisha leta makaratasi!" Visa vya namna hiyo walivijua wote: mtu anazikwa, siku ya tatu anaingia mwanamke asiyejulikana na watoto, anataka fungu lake.

"Titulere!" alilia Latifa akiwa amekumbatia miguu ya mjane ili wasimtoe. "Baliniuliza titulere ni nani! Mi nikasema Fabien! Ningesema nani?"

Hakuna aliyemsikiliza isipokuwa Anastasie. Aliisoma kadi tena, polepole, jinsi mwalimu anavyosoma daftari la mtoto anayemshuku kuibia. Kisha akainua mkono, wakanyamaza.

"Bamama," alisema. "Titulere ni nani?"

Wanawake walitazamana. Swali gani hili? Shangazi ndiye aliyejibu kwanza, kwa hasira, akionyesha picha ukutani: "Si njo Fabien!" Na wengine wote wakaonyesha palepale, mikono kumi na mitano kwenye ukuta mmoja. "Njo Papa Fabien. Titulere wetu."

Anastasie alifumba macho. "Hapa banaandika Husna Useni. Useni ni nani?"

"Bwana yangu, mama. Marehemu. Mi sikuolewa tena."

"Na huyu Husna, aliwahi kugonjwa sana? Akiwa mudogo?"

Latifa hakuelewa swali linatoka wapi, lakini alijibu. Akasimulia malaria ya miaka saba, dripu, kipande cha katoni. Ilikuwa siku ya Jumapili, alisema. Anakumbuka kwa sababu Wakatoliki walikuwa na sikukuu, kengele zililia asubuhi yote na mtoto hazisikii.

"Pentekoste," alisema Anastasie. "Mutoto yangu Merveille alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Baba yake hakukuya. Alituma ujumbe kama kuko mutoto anakufa Lweba. Mi nikasema, mutoto gani, huyu ana bibi." Aliitazama picha ukutani. "Sikumuamini. Alirudi kesho yake, nikamunyima chakula. Na tangu ile siku sikumuamini tena, mpaka anakufa."

Alilia bila kujificha uso. Latifa naye alilia, na alipoweza kusema alimweleza ya dirishani na zile wiki tatu za Uvira, akamalizia: "Ule mutoto eko hospitali sasa hivi, mama. Bila atestasio hawamupasui. Siwezi kukuomba uongo. Nakuomba tu ukuye umuambie ule mutu wa dirisha vile ilikuwa."

Anastasie alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Akafungua Biblia iliyokuwa pembeni ya mkeka, akatoa cheti cha kifo kilichokunjwa mara nne, akainuka.

"Mufiwa hatoki!" alisema shangazi.

"Leo anatoka," alisema Anastasie.

Kwenye pikipiki walikaa wote wawili nyuma ya dereva mmoja, mjane mbele, mjane nyuma. Latifa alimwambia sikioni kwamba wamweleze Bertin ukweli pole pole, yeye ni mtu wa kusikia.

"Ukweli unaenda Uvira," alijibu Anastasie. "Unarudi kiisha wiki tatu. Mutoto yako iko na wiki tatu?"

Latifa akamwambia dereva aongeze mwendo.

Walipoingia, mstari wa dirishani uligeuka wote. Watu walimjua Mama Merveille; wengine walikuwa kwenye mazishi ya mumewe juzi. Wawili walikuwa waimbaji wa kwaya ya parokia, wale waliosimama kwenye kaburi la Fabien wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Anastasie aliwaona. Alipita katikati yao, akaweka cheti mbele ya Bertin na kukinyoosha kwa kiganja.

Bertin alisoma, akalinganisha jina na kadi, akalinganisha tena. Akawatazama wanawake wawili, mmoja na ushungi, mwingine na kitambaa cheusi.

"Poleni. Lakini hapa kwa atestasio banaandika bibi ni Anastasie. Kwa kadi, Latifa. Bibi ni nani kati yenu?"

Latifa alifungua kinywa aseme ukweli. Alitaka kweli kuusema. Anastasie alimtangulia, kwa sauti ile ya darasani, inayofika mpaka dawati la nyuma.

"Boote wawili. Mi njo bibi wa kwanza. Huyu njo bibi yake wa Lweba. Na ule mugonjwa ni mutoto yake. Mi na ba kwangu hatukujiandikisha kwa mutuele. Alikuwa anasema dawa yetu ni yeye. Piga muhuri, mutoto asikufe."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mmoja wa waimbaji alijishika mdomo. Miaka ishirini na tatu ya ndoa ya kanisani, mtu aliyesifiwa na padri juzi mbele ya umati kwamba aliishi na mke mmoja na kazi moja, ikavunjwa dirishani kwa maneno machache, na aliyeivunja alikuwa amejua tangu saa moja tu iliyopita kwamba ilikuwa kweli tupu. Bertin akapiga muhuri kwenye bono, mara moja, mara ya pili.

Famasi ikatoa vitu. Husna alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho nusu wazi, akamtambua mama yake, akajaribu kusema kitu. Mlango ukafungwa. Latifa alitafuta benchi akae angojee hapo mpaka mwisho wa dunia ikibidi.

"Twende," alisema Anastasie.

"Niache nibakie na mutoto, mama."

"Ule binti wenu iko naye. Wale ba kwaya balisha toka, sasa hivi wako kwetu banasimulia. Wakiniona nimerudi peke yangu, watasema nilidanganya. Watu watabishana, mutu mumoja atakuya kuuliza hapa kwa dirisha, na ule kijana ataogopa, atafuta bono mbele ya operasio kuisha." Akamshika mkono. "Bibi ya pili anakaa kwa matanga. Njo wote banajua."

Kwa hiyo Latifa, mjane wa Useni, alirudi na kukaa kwenye mkeka chini ya picha ya mume asiyekuwa wake. Shangazi ndiye aliyemfunga kitambaa cheusi juu ya ushungi, akakaza kwa nguvu mpaka kichwa kikamuuma, wala hakusema pole. Ndani wanawake hawakumtazama. Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wameacha kuzungumza bei ya mafuta. "Kumbe Papa Fabien!" alisema mmoja. "Na vile alikuwa anatugombeza sisi," alisema mwingine, na kicheko kidogo kikapita kwenye viti. Latifa alikisikia kila kicheko. Mtu aliyemrudishia mtoto wake kutoka kaburini alikuwa anachafuliwa jina siku mbili baada ya kuzikwa, na yeye alikuwa amekaa hapo kama ushahidi. Alitaka kutoka nje awapigie kelele wote. Alibaki amekaa.

Anastasie alikaa kando yake, mgongo wima. Nguo zao ziligusana. Mara moja tu alisema kitu, polepole, bila kugeuka: "Alikuwa anampepea na katoni?"

"Ya dawa. Katoni ya dawa. Mpaka jua linaanguka."

Anastasie akatikisa kichwa, akaendelea kutazama mbele.

Simu ilitetemeka kifuani mwa Latifa jua likiwa limeinamia ziwani. Aliitoa chini ya kitenge, akainama kana kwamba anaswali, akaibana sikioni.

"Mama mudogo," ilisema sauti ya Furaha, "balisha maliza. Husna alifungua macho, anaomba maji. Mutoto ni mwanaume. Ni mudogo sana, balimuweka kwa joto, hawajui bado. Lakini analia, mama mudogo. Sikiliza." Na kwa mbali, nyuma ya milio ya vyombo, Latifa akasikia kijisauti chembamba chenye hasira.

Machozi yalimjia kabla hajaiweka simu. Alijaribu kuyazuia, akauma kitenge, mabega yakatikisika. Wanawake wote kwenye mikeka waligeuka. Hata shangazi aligeuka, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Alimupenda, kweli," alisema mtu pale nyuma.

Chini ya kitenge mkono wa Anastasie uliutafuta mkono wa Latifa, ukaushika.

"Muzima?"

"Bote wawili. Mpaka sasa."

"Basi lia na sauti," alinong'ona Anastasie. "Banatuangalia."

Latifa akalia kwa sauti, akamlilia titulere kwa jina lake, na Anastasie akalia pamoja naye.